Njumu za Darasa la Saba na Mikono Yangu Mfukoni

Juzi mmoja wenu, kijana mwenye suti safi na mkoba mpya, alinisimamisha kwenye lango langu hapa Lanet akaniuliza ni kitu gani kilichonipa taabu zaidi katika miaka yangu yote ya kufundisha. Alidhani nitasema watoto watundu, au madarasa yasiyo na madirisha. Nilimjibu kwamba ni mikono yangu. Alicheka kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mzee, akaenda zake. Sikuwa natania. Kwa hiyo kaeni hapo, nyinyi nyote mnaoanza kazi hii, niwaeleze.

Kwanza mjue mnamsikiliza nani. Mimi ni mtoto wa kibarua wa shamba la mzungu upande wa Njoro. Nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kung'arisha buti za bwana huyo, na mimi mwenyewe nikitembea miguu mitupu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna chifu aliyenisemea mahali. Katika miaka ya sitini nilifika Uingereza kwa akili yangu na jasho langu, nikafagia sakafu ya kiwanda cha viatu mchana na kusoma jioni, nikarudi nyumbani na diploma ya ufundi wa viatu. Wakati ule ungetembea kutoka Longonot hadi Kuresoi ukitafuta diploma nyingine kama ile, ungerudi na vumbi tu. Imetundikwa sebuleni kwangu karibu na picha ya harusi, juu yake kidogo. Mama watoto alinung'unika mpaka akachoka.

Watu walitarajia nifungue duka. Badala yake niliomba chumba kimoja katika shule ya msingi, nikakiita karakana, nikaanza kufundisha darasa la saba kubuni na kutengeneza njumu za kukimbilia. Mnashangaa kwa nini njumu? Kwa sababu meza mbovu inaweza kukaa nyumbani miaka mingi ikiegemezwa ukutani, na hakuna atakayejua. Lakini kiatu cha mbio hakina pa kujificha. Kikiwa kizito, kikibana, kikiteleza, mtoto aliyekivaa atakwambia kabla hajamaliza kona ya kwanza. Nilitaka watoto wajifunze kuuliza, kuchora, kutengeneza, kujaribu, kuvunja na kuanza tena. Huo ndio uhandisi. Mengine ni kuvaa kofia ngumu.

Siku ya kwanza niliwaambia wachore kiatu cha kukimbilia. Wote walichora kiatu cha dirisha la duka mjini, chenye pua nyembamba. Nikawaambia wavue viatu, ingawa wengi hawakuwa na cha kuvua, wakanyage majivu, kisha wakanyage sakafu. Alama zikatokea: vidole vimetanuka kama mkono uliofunguliwa. Nilikuwa nimerudi na kalibu kutoka Uingereza, ule mguu wa mbao ambao fundi huvutia ngozi juu yake. Nikaiweka juu ya alama moja. Haikufunika hata nusu ya vidole.

"Mwalimu," akauliza msichana mmoja wa mbele, "huyu mzungu alikatwa vidole?"

Huyo alikuwa Wambui. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko visu vyangu vyote. Wiki iliyofuata darasa lilikuwa linachonga kalibu zake lenyewe kwa mwerezi, kwa kufuata miguu ya watu wanaoishi hapa.

Sasa nije kwenye mikono. Kule kiwandani kulikuwa na msimamizi mmoja mzee, nusu kiziwi kwa sababu ya kelele za mashine, ndiye aliyenifundisha kufundisha. Nilipoondolewa kwenye ufagio nikapewa vijana wa kuwaongoza, kila kijana alipokosea nilimnyang'anya kazi nikamwonyesha. Siku moja mzee huyo alinipiga vidole kwa mpini wa nyundo. Akaniambia kwamba mwalimu akishika kazi ya mwanafunzi, kazi hiyo inakuwa ya mwalimu, na mwanafunzi anabaki mtazamaji. Yeye alikuwa na donge la nta mfukoni, nta ile ile tunayopaka uzi wa kushonea. Kila alipotamani kuingilia kati, aliliminya donge hilo. Siku naondoka alinipa. Nilirudi nalo Kenya, na sheria yake ikawa sheria yangu: darasani, mikono mfukoni.

Ni rahisi kuisema. Jaribuni kumtazama mtoto akikata ngozi nzuri ya mbuzi upande usiofaa.

Basi ikaja shida yenyewe. Baadhi ya wazazi hawakupenda karakana. Mzee mmoja alinijia akiwa ameshika kofia mkononi, akasema kwa upole, "Mwalimu, mafundi viatu tunao, wamekaa kando ya barabara chini ya mwavuli. Mimi sikumpeleka mtoto shule akawe mmoja wao." Sikumlaumu. Mtu aliyeponea chupuchupu kulima shamba la mwenzake hataki kusikia habari za nyundo. Malalamiko yakafika kwa mkaguzi wa elimu, mtu mrefu mwenye suti ya kaki na fimbo nyembamba, asiyecheka bure.

Mkaguzi alikuja karakana. Aliokota njumu moja ya watoto, akaigeuza, akavuta soli, akakunja ngozi. Mwalimu mkuu wetu, mtu mwema lakini mwoga wa wakubwa, alisimama nyuma yake akitoka jasho.

"Hii ni kazi nzuri," mkaguzi akasema. "Nzuri mno. Mwalimu, hizi unazishona wewe. Hawa watoto wanakushikia misumari."

Damu ikanipanda. Mnanijua sasa, kwa hiyo mnaweza kukisia. Nilimwambia mbele ya darasa zima: "Bwana Mkaguzi, siku ya mashindano ya shule, mtoto wa darasa hili atakimbia na njumu zilizotengenezwa na darasa hili. Zitamaliza mbio. Na mkono wangu ukizigusa siku hiyo, hata kwa kidole, karakana ifungwe."

Alininyooshea kiganja. "Lete ufunguo," akasema.

Nikampa. Akautia mfuko wa koti. "Siku hiyo nitakuwapo. Zikimaliza mbio na mkono wako haukuzigusa, utarudishiwa. Vinginevyo chumba hiki kitakuwa stoo ya mahindi, na hawa wataenda kusoma hesabu kwa ajili ya mtihani kama watoto wengine."

Akaenda. Mwalimu mkuu alijifuta uso. "Mwalimu," akasema, "hiyo diploma yako, walikufundisha kunyamaza katika somo gani?"

Tangu siku hiyo tulifanyia kazi chini ya mti wa nyuma ya jikoni la shule. Mkimbiaji alikuwa Chepkoech. Nyumbani kwao ni Kuresoi, kwenye viazi na baridi, lakini alikaa na mjomba wake aliyefanya kazi kwenye kambi ya jeshi hapa Lanet. Alikuwa mkimya, na alikimbia mita mia nane kama mtu aliyesikia nyumba yao inaungua. Wa tatu katika hadithi hii ni Jaspal, mtoto wa Singasinga mwenye gereji mjini. Alileta mipira ya matairi ya baisikeli tuliyoichonga kuwa soli nyembamba, na gundi ya kuzibia tyubu. Misumari mifupi, iliyochongoka, ilipitishwa kwenye kipande cha bati ndani ya soli. Ngozi ya juu ilikuwa ya mbuzi.

Ugomvi ulikuwa soli ishikiliwe na nini. Wambui alitaka uzi. Jaspal alitaka gundi.

"Uzi unataka ukingo mnene wa ngozi," Jaspal akasema. "Uzito huo. Chepkoech si punda."

"Na gundi yako ikiachia, atakimbia na nini? Kilemba chako?"

"Arre, gundi hii inashika tyubu ya lori!"

"Chepkoech si lori pia."

Niliminya nta yangu nikanyamaza. Wakafanya nilivyowafundisha: hawakupiga kura, walipima. Walibandika soli kwa gundi kwenye kipande cha ngozi, wakaning'iniza ndoo ya maji. Ikashika. Wakaloweka kipande hicho, wakakianika juani, wakakisugua kwa lile vumbi jeupe la Nakuru linaloingia hata kwenye mkate. Kikashika. Wambui mwenyewe alikubali. "Sawa," akasema, "gundi imeshinda. Lakini sijaipenda." Nilijivuna siku hiyo kama jogoo. Watoto wa umri ule, na wanajua kushindwa na ushahidi!

Siku moja kabla ya mashindano, Chepkoech alienda nazo kwa mjomba. Huo ulikuwa utaratibu wetu: mvaaji azitembelee jioni nyumbani ili ngozi ijue mguu.

Uwanja wa mjini ulijaa asubuhi ile. Shule kutoka kila upande, ngoma, filimbi za waamuzi, upepo unainua vumbi. Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye hema la wakubwa, fimbo magotini. Aliponiona aligusa mfuko wa koti lake, akaupigapiga. Nilimwinamia kichwa kama mtu asiye na wasiwasi.

Chepkoech alikuja akiwa ameongozana na bibi yake, ambaye kwao humwita kogo. Kogo alikuwa ameshuka jana yake kutoka Kuresoi kwa lori la viazi ili amwone mjukuu akikimbia. Alikuwa mwembamba, amevaa shuka mbili, na kwapani alikuwa na kopo la bati lenye kifuniko. Niliona mara moja kwamba msichana ana kitu. Hakunitazama. Alienda moja kwa moja kwa Wambui na Jaspal waliokuwa wamekaa kwenye nyasi, akaziweka njumu mbele yao.

Zilikuwa zinang'aa. Ngozi ilikuwa imegeuka rangi, imekuwa nyeusi na laini. Nilipigwa na harufu yake pale pale niliposimama: mafuta ya kondoo.

Jaspal aliinua njumu ya kulia akaikunja. Soli ikafunguka kutoka kwenye kidole hadi katikati, polepole, bila sauti, kama mdomo wa mtu anayelala.

"Ngai," Wambui akasema.

"Nilizikuta asubuhi," Chepkoech akanong'ona. "Kogo alizipaka jana zote, ndani na nje, karibu na moto. Alisema zimekauka kama ganda la mahindi. Ameziombea pia." Macho yake yakajaa. "Msimwambie. Tafadhali, msimwambie kitu."

Mtu yeyote wa kule milimani anajua. Ngozi mpya hupakwa mafuta ya kondoo. Ukanda wa ng'ombe, ngozi ya kulalia, ala ya kisu, vyote. Ndiyo heshima ya ngozi, na ndiyo baraka kwa atakayeivaa. Na mafuta hula gundi ya mpira kama mchwa anavyokula nguzo. Tulijaribu njumu zile kwa maji, kwa jua na kwa vumbi. Hakuna kati yetu aliyewaza kuzijaribu kwa upendo wa bibi.

Mwamuzi alikuwa anaita mbio za wavulana za mita mia nne. Baada yao, wasichana wa mia nane.

Mikono yangu ilishajua la kufanya kabla ya kichwa. Mimi ningeweza kuzishona njumu zile zote mbili nikiwa nimefumba macho, na muda ukabaki wa kunywa chai. Sisemi kwa majivuno, au tuseme kwa majivuno kidogo. Niliitia mikono yote miwili mfukoni na kuikunja ngumi. Donge la nta lilikuwa ndani ya ngumi ya kulia.

Mwalimu mkuu alikuja mbio, akaona soli, akashika kichwa. Kisha akatazama hemani.

"Mwalimu! Mwalimu, sikiliza. Amepewa soda. Amegeuka upande. Shona hiyo kitu haraka, bwana, nani atajua?"

"Watoto watajua."

"Watoto watafurahi!"

"Mkuu, niliapa."

"Uliapa kwa mdomo wako, lakini chumba ni cha shule! Wewe utarudi kwa diploma yako. Hawa je?" Akaelekeza kidole kwa watoto, kisha kwa njumu, kisha kwangu, mkono ukipepea kama bendera. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Nikafikiria karakana ikinuka mahindi na panya. Nikafikiria kalibu za mwerezi zikiwa kuni. Na Chepkoech alikuwa ananitazama, anasubiri mtu mzima afanye jambo ambalo watu wazima hufanya.

Nikawaambia watoto kitu kimoja tu, na sauti yangu ilikuwa kavu. "Tatizo ni nini?"

Ndilo swali tulilofungulia kila somo. Jaspal aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Lakini Wambui alivuta pumzi.

"Gundi imekufa," akasema. "Ukipaka nyingine haitashika, mafuta yameingia ndani. Kwa hiyo ni uzi. Msharasi ninao." Akauchomoa kwenye pindo la sweta yake. Ni ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na kila mwanafunzi wangu alikuwa na wake. "Uzi sina."

Jaspal aliruka. Kando ya uwanja kulikuwa na magunia ya mbio za magunia. Akaliendea moja, akang'ata mshono wake na meno, akaufumua. Alirudi na kamba ndefu ya mkonge, mwalimu wa shule nyingine akimfuata kwa matusi.

Kamba ilikuwa na manyoya. Wambui alitoboa tundu, akajaribu kuipitisha. Ikachanika nyuzi nyuzi, ikakwama. Akajaribu tena. Ikakwama.

"Inataka nta," akasema. "Nani ana nta?"

Vijana, nawaambia ukweli, sijawahi kubeba kitu kizito kama donge lile. Lilikuwa hapa, linayeyuka kwa joto la kiganja changu. Kulitoa tu na kulidondosha kwenye nyasi, je, huko ni kugusa njumu? Mwanasheria angesema hapana. Nililiminya mpaka kucha zikaingia ndani.

Bunduki ya kuanzisha mbio za wavulana ikalia. Watu wakapiga kelele.

Ndipo Wambui akainua uso, akamwona kogo aliyesimama na kopo lake, akishangaa kwa nini viatu vya mjukuu vimefunguliwa mapajani mwa watu. "Chepkoech," akasema, "muombe kogo mafuta."

"Nini?"

"Muombe. Kidogo tu. Mwambie ni ya kubariki kamba."

Chepkoech akasema naye kwa lugha yao. Uso wa kogo ukafunguka. Alichuchumaa mwenyewe, akachota kwa vidole viwili, akaipaka kamba ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, akiisokota kiganjani kwa namna ambayo mimi sikumfundisha mtu. Manyoya yakalala. Ncha ikawa ngumu kama mwiba. Akasema maneno fulani.

"Anasema ngozi bila mafuta ni ngozi ya maiti," Chepkoech akatafsiri, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikaribia kucheka.

Kamba ikapita. Wambui anatoboa, Jaspal anavuta, tundu kwa tundu, kamba ikivuka yenyewe kutoka pande mbili. Spika ikaanza kuita wasichana wa mia nane. Walikuwa wamefika nusu ya njumu moja.

"Hatumalizi mbili," Jaspal akasema.

"Tunamaliza hii. Ya kulia."

"Kwa nini ya kulia?"

"Unajua kwa nini. Vuta!"

Wakafunga fundo la mwisho wakati wasichana wengine wamekwisha panga mstari. Ile ya kushoto Jaspal aliizungushia ukanda wa tyubu aliokuwa nao mfukoni, kama mtu anavyofunga kidonda, akaacha misumari itokeze. Chepkoech akavaa akikimbia kuelekea mstarini. Mwamuzi akamkaripia. Nilipogeuka, mkaguzi alikuwa amesimama mbele ya hema, soda yake haijaguswa.

Bunduki ikalia.

Mzunguko wa kwanza alikaa katikati. Sikutazama uso wake. Nilitazama miguu. Kulia, kushoto, kulia, vumbi dogo jeupe likiruka. Kwenye kona ya kwanza ya mzunguko wa mwisho alianza kupita watu, mmoja, mwingine, na watu wa Kuresoi wakaanza kupiga mayowe. Alikuwa wa tatu, kisha wa pili. Wakati anaingia kona ya mwisho nikaona kitu cheusi kinaruka hewani. Ukanda wa tyubu umekatika.

Soli ya kushoto ikaanza kupiga: pa, pa, pa, kama ulimi wa ng'ombe. Mwalimu mkuu alifumba macho. Wambui alikuwa ameshika mkono wa Jaspal na ameung'ang'ania mpaka umebadilika rangi. Soli yenye misumari ikilegea, hatua mbaya moja tu na mtoto anajichoma au anaanguka. Chepkoech hakuangalia chini. Alijipinda upande wa kulia, akausukuma uwanja kwa mguu ule ulioshonwa, hatua baada ya hatua, akatoka kwenye kona akiwa bado wa pili, na akamaliza wa pili.

Sisi watu wa darasa la saba hatukushangilia. Tulimwendea. Mkaguzi alifika kabla yetu.

"Vua," akamwambia.

Akachukua njumu mbili, moja mkono huu, nyingine mkono huu. Ya kushoto ilikuwa wazi kabisa. Akaiinua mbele ya uso wangu.

"Mwalimu, ulisema zitamaliza mbio. Hii haikumaliza. Hii imefika tu."

Nilifungua kinywa hiki mnachokijua, lakini Wambui akanitangulia.

"Hiyo hatukuishona, Bwana," Wambui akasema. "Muda ulikuwa wa moja. Tukachagua."

Mkaguzi akamgeukia. Akaishika ile ya kulia, akaingiza dole gumba chini ya soli, akavuta mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Kamba ya gunia haikutikisika. Akanusa vidole vyake, akashangaa, akaendelea.

"Kwa nini ukachagua ya kulia?"

"Uwanja unapinda kushoto. Kona zote. Kwa hiyo mguu wa nje ndio unaosukuma. Njumu zote tulizowahi kujaribu, ya kulia ndiyo inayolika kwanza, hapa." Akaonyesha ukingo. "Mkono wako, Bwana, umeshika pale pale."

Mkaguzi akatazama mkono wake.

"Nani alikufundisha hivyo? Huyu?"

"Hapana. Tuliona tu."

Nilikuwa nimetoka ng'ambo na diploma, na mtoto amesema mbele ya serikali kwamba sikumfundisha. Nawaapia sijasikia sifa tamu kama ile.

Mkaguzi aliziweka njumu chini. Kisha akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akaishia kwenye mifuko ya suruali yangu.

"Nimekaa kule hemani nikiwaangalia," akasema. "Mkuu wako ana mkono mrefu sana wa kuelekeza. Mikono yako wewe nimeingoja itoke. Sasa itoe, tusalimiane."

Nikautoa mkono wa kulia, naye akaushika. Alipotaka kuuachia, haukuachia. Viganja vyetu vilikuwa vimegandana. Akavuta, akatazama nta ya manjano iliyomnata vidoleni.

"Nini hii?"

"Nta, Bwana."

"Ya nini?"

"Ya kupaka uzi."

Wambui aligeuza kichwa polepole akanitazama. Nilikuwa nimetazamwa na wakurugenzi wa viwanda, lakini si vile. "Ulikuwa nayo?" akauliza. "Wakati wote ule, mwalimu, ulikuwa nayo?"

Mkaguzi akacheka. Ilikuwa sauti fupi, kama mlango mkavu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, ufunguo ukatoka umenata kwenye kiganja chake, akaubandua. Nikanyoosha mkono. Akanipita, akampa Wambui.

Nilidhani msichana yule atashangilia. Alikuwa bado ananikasirikia. Aliufuta ufunguo kwenye sketi, akamtazama kogo, ambaye alikuwa ameketi kwenye nyasi akimkanda Chepkoech miguu kwa mafuta yaliyobaki, akiimba taratibu, hajui hata leo, huko alikolala, kwamba kulikuwa na shida yoyote.

Jumatatu nilipofika karakana mlango ulikuwa wazi na darasa limekwisha anza bila mimi. Ubaoni Wambui alikuwa ameandika kwa herufi kubwa swali la somo. Nililisoma, nikaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, mikono yangu nikaiweka inapokaa.

Aliandika hivi: KOGO ATAPAKA TENA. KIATU KIFANYWEJE ILI KIPENDE MAFUTA?